Jinsi ya Kuanzisha Kampuni yenye Dhima ya Kikomo, Kuanzia Makubaliano hadi Ritani ya Mwaka

Kusajili kampuni siku hizi si kazi ngumu. Nchi nyingi zimehamishia usajili mtandaoni, na aliyejiandaa vizuri anaweza kuanza kujaza asubuhi akamaliza kabla ya adhuhuri. Kinachowaponza watu ni yale ambayo hawakukubaliana kabla ya kuigusa fomu, na yale wanayoacha kuyafanya wakishapata cheti. Kwa hiyo usishangae kuona fomu yenyewe imepewa aya chache tu humu, huku makubaliano baina ya wenye kampuni yakipewa nafasi kubwa.

Sheria za kampuni hazifanani kila mahali, ingawa mfuatano wa hatua haupishani sana. Kinachobadilika ni majina ya hati, ada, na nani anaruhusiwa kufanya nini. Ninapotaja nchi fulani ni kwa mfano tu. La kwako lithibitishe kwa msajili wa kampuni wa mahali unapofungua.

Kabla ya yote: unapata nini hasa?

Kampuni yenye dhima ya kikomo ni mtu mbele ya sheria. Ina jina lake, mali yake na madeni yake, na inaweza kushtaki au kushtakiwa. Ikishindwa kulipa, wanaoidai huishia kwenye mali ya kampuni, nyumba yako na akiba yako hawazigusi. Ulichoweka ndani kinaweza kupotea chote, lakini hasara yako inakomea hapo.

Uingereza ilifungua mlango huo kwa sheria ya mwaka 1855. Kesi iliyokuja kuweka msingi imara ni ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, akashika hisa 20,001 kati ya 20,007, na sita zilizobaki zikawa za mke na watoto wake. Kampuni ilipofilisika, mfilisi, yaani aliyepewa kazi ya kukusanya mali ya kampuni na kulipa madeni yake, alidai kwamba hapakuwa na kampuni yoyote pale ila Salomon mwenyewe, kwa hiyo alipe. Mwaka 1896 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu ya nchi hiyo wakati huo, ilikataa: kampuni ikishasajiliwa kwa kufuata sheria ni mtu mwingine kabisa, hata kama karibu hisa zote ni za mtu mmoja. Uamuzi huo bado unategemewa katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, na huko kampuni inayozungumziwa ni kampuni binafsi yenye ukomo wa hisa. Ujerumani ilikuwa na kampuni yake ya aina hii, GmbH, tangu 1892. Marekani ilichelewa: kampuni yake ya aina hii, LLC, iliruhusiwa kwa mara ya kwanza na jimbo la Wyoming mwaka 1977, ikiunganisha kinga ya kampuni na utaratibu wa kodi wa ubia, ambapo faida hutozwa kodi mikononi mwa wanachama badala ya kutozwa kwanza kwenye kampuni.

Sasa upande ambao wauzaji wa huduma za usajili huupitia haraka. Kinga hiyo haikulindi dhidi ya makosa uliyoyatenda wewe mwenyewe. Ukimgonga mtu ukiendesha gari la kampuni, anaweza kukudai wewe na kampuni pia. Haikulindi ukitapeli. Katika nchi nyingi haikulindi ukikata kodi kwenye mishahara ya wafanyakazi halafu usiipeleke serikalini. Na haikulindi hata kidogo pale unapotia sahihi ya kuidhamini kampuni wewe binafsi. Benki zinalijua hili vizuri, ndiyo maana kampuni changa ikiomba mkopo, mwenye kampuni huletewa karatasi ya pili ya dhamana. Ukiitia sahihi, kwa deni lile umerudi ulikokuwa kabla ya kuwa na kampuni. Wenye nyumba za kupangisha nao hufanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo jiulize kama unaihitaji. Mtu anayefanya kazi ndogo isiyo na mikopo, wafanyakazi wala hatari ya kumuumiza mtu, anaweza kuendelea kwa jina lake akaepuka makaratasi. Wakili, daktari au mhasibu aangalie kwanza kanuni za taaluma yake, maana mahali pengine haruhusiwi kutumia kampuni ya kawaida; jimbo la California, Marekani, kwa mfano, haliruhusu LLC kutoa huduma za taaluma zinazohitaji leseni ya namna hiyo. Benki na bima zina milango yao mingine kabisa.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa kusajili

Jibu la watu wengi ni fupi: sajili pale unapofanyia biashara. Mtandaoni utaambiwa jimbo la Delaware huko Marekani ni bora, au Wyoming. Delaware ina mahakama yenye uzoefu mkubwa wa kesi za kampuni, na wawekezaji wakubwa wanaizoea. Lakini kama shughuli zako ziko jimbo jingine, utatakiwa kuisajili kampuni huko pia kama kampuni ya nje, kisha ulipe ada na kuweka wakala wa kupokea hati rasmi sehemu mbili. California hutoza LLC kodi ya dola 800 kwa mwaka kama kiwango cha chini, hata isipopata faida, na ile iliyosajiliwa kwingine lakini inafanyia biashara California haiponi.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayefungua kampuni nchi ya mbali ili akwepe kodi ya nyumbani. Mamlaka za kodi huangalia kampuni inaongozwa wapi na mwenyewe anaishi wapi. Cheti cha ng'ambo pekee hakiwashtui.

Hatua ya 2: Kubalianeni, tena kwa maandishi

Kama uko peke yako, hatua hii ni nyepesi, ingawa haifutiki. Kama mko wawili au zaidi, itengeeni muda kuliko hatua nyingine zote. Msiifanye siku ya kusajili. Ifanyeni mapema, mkiwa bado mnapendana.

Anzeni na nani anatoa nini. Mmoja ana fedha, mwingine ana ujuzi, wa tatu ana wateja. Fedha ni rahisi kuhesabu. Kazi ambayo bado haijafanywa ni ngumu, na hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa: mtu anapewa sehemu kubwa ya kampuni kwa ahadi ya kufanya kazi, kisha anapata ajira kwingine baada ya miezi michache na sehemu yake anabaki nayo. Njia inayotumika sana ni hisa kuiva kidogo kidogo. Tuseme kila mmoja wenu ametengewa hisa 480, zinazoiva kwa miaka minne, na hakuna inayoiva kabla mwaka wa kwanza haujatimia. Hiyo ni hisa 10 kwa mwezi. Atakayeondoka mwezi wa nne hapati kitu. Atakayeondoka mwezi wa 18 anaondoka na 180, na 300 zilizobaki zinarudi kwenye kampuni. Hakuna anayelazimika kumwita mwenzake mwizi, hesabu imeshasema.

Kisha amueni nani anaamua nini. Mambo ya kila siku yaachieni mkurugenzi au meneja. Mambo mazito, kama kukopa, kuuza mali kubwa, kuingiza mwanahisa mpya au kubadili aina ya biashara, yahitaji kura ya wote au ya wengi mliowataja kwa asilimia. Kifungu cha aina hii kinatosha, na kimeokoa watu:

"Malipo yoyote yanayozidi kiasi kilichowekwa na wanachama yatahitaji idhini ya maandishi ya wakurugenzi wawili, na benki itapewa maelekezo hayo."

Maneno ya mwisho yana kazi. Mkataba ambao benki haiujui hauwezi kuzuia pesa kutoka.

Halafu kuna suala la nusu kwa nusu. Watu wawili wanaoheshimiana huona aibu kugawana namna nyingine yoyote, na mimi sioni ubaya wake, ila lazima mkataba useme itakuwaje mkigoma kukubaliana. Mnaweza kumtaja mtu wa tatu mnayemwamini awe na kura ya kuamua. Mnaweza kupeleka jambo kwa msuluhishi kabla ya mahakama. Au mnaweza kuweka kifungu cha kununuana: mmoja anataja bei ya hisa, na mwenzake ndiye anayechagua kuuza au kununua kwa bei hiyo hiyo. Kifungu hiki kinasifiwa sana kwa uadilifu wake. Mimi nakitazama kwa tahadhari, kwa sababu mwenye fedha mkononi anaweza kutaja bei ya chini akijua mwenzake hana uwezo wa kununua.

Semeni pia itakuwaje mmoja akifa, akiugua asiweze kazi, akitalikiana na mwenzi wake au akifilisika yeye binafsi. Bila kifungu, unaweza kuamka ukakuta mbia wako mpya ni mrithi ambaye hujawahi kuonana naye. Kifungu cha kawaida huwapa waliobaki haki ya kwanza ya kununua hisa zile, na hutaja namna bei itakavyopatikana, kwa mfano kwa mthamini wa nje aliyekubaliwa na pande zote.

La mwisho, na linalosahaulika na karibu kila mtu: kazi mliyokwisha kuifanya kabla ya kampuni kuzaliwa ni ya nani? Programu, nembo, michoro, orodha ya wateja. Kisheria vinaweza kuwa mali ya aliyevitengeneza. Kila mwanzilishi atie sahihi ya kuhamishia haki hizo kwa kampuni, vinginevyo siku mwekezaji akija mtagundua kampuni haimiliki kile inachokiuza.

Makubaliano haya kwa LLC za Marekani huwa mkataba wa uendeshaji, na kwa kampuni za hisa huwa mkataba wa wanahisa unaosimama kando ya katiba ya kampuni. Kwa kawaida hayapelekwi kwa msajili, yanabaki kwenu. Usidhani kwamba yasipokuwepo hapatakuwa na kanuni. Sheria itakuwekea za kwake, na huenda usizipende: katika baadhi ya majimbo ya Marekani, pasipo mkataba, gawio hugawanywa sawa kwa kila mwanachama bila kujali nani alitoa zaidi. Aliye peke yake naye auandike, hata kurasa chache, kwa sababu benki huuliza na mahakama hupenda kuuona.

Hatua ya 3: Jina

Tafuta kwenye daftari la msajili uone kama jina limeshachukuliwa au linakaribiana mno na la mwingine. Andaa majina mawili ya akiba. Mwishoni litahitaji maneno yanayoonyesha aina ya kampuni: Limited au Ltd, LLC, GmbH, kulingana na nchi. Maneno kama benki, bima na chuo kikuu kwa kawaida huhitaji kibali maalumu.

Msajili akikubali jina, amekubali tu kwamba halijasajiliwa kama kampuni. Hajakupa alama ya biashara. Mwenye alama iliyosajiliwa anaweza kukulazimisha uache jina hata kama cheti kipo ukutani, kwa hiyo tafuta kwenye daftari la alama za biashara pia, na uangalie kama anwani ya tovuti bado ipo wazi. Mahali pengi unaweza kulihifadhi jina kwa muda mfupi huku ukikamilisha hati.

Hatua ya 4: Watu na anwani

Nchi nyingi sasa zinaruhusu kampuni ya mtu mmoja. Kenya imeruhusu kupitia Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, Uganda kupitia ile ya 2012. Katibu wa kampuni ni lazima mahali pengine na hiari kwingine. Kenya hukitaka cheo hicho kwa kampuni binafsi pale tu mtaji uliolipwa unapofika shilingi milioni 5.

Mkurugenzi si cheo cha heshima. Anawajibika kisheria kutenda kwa manufaa ya kampuni, kuepuka mgongano wa maslahi, na kampuni ikielekea kufilisika, kufikiria wanaoidai. Usimweke shangazi yako kwenye fomu ili kujaza nafasi, na wewe usikubali kuwekwa.

Utatakiwa pia kumtaja mmiliki manufaa, yaani binadamu halisi anayemiliki au kuiongoza kampuni hata kama jina lake halionekani kwenye hisa. Uingereza huanzia kwa mwenye zaidi ya asilimia 25, Kenya kwa mwenye asilimia 10 au zaidi. Kanuni hizi hubadilika haraka kuliko nyingine. Marekani ilianza kudai taarifa hizo Januari 2024, kisha Machi 2025 ikaziondolea wajibu huo kampuni zilizoundwa ndani ya nchi. Uingereza nayo, tangu Novemba 2025, inawataka wakurugenzi wathibitishe utambulisho wao kwa Companies House, msajili wa kampuni wa huko. Mwongozo wa miaka michache iliyopita, hata ukiandikwa vizuri vipi, hapa unaweza kukupoteza.

Anwani iliyosajiliwa ndiko barua za serikali na hati za mahakama zitakakopelekwa. Marekani kila LLC lazima iwe na wakala aliyesajiliwa mwenye anwani ya mtaa katika jimbo husika. Sanduku la posta halikubaliki. Watu hulichukulia jambo hili kama la kujaza tu nafasi kwenye fomu. Lakini hati ya madai ikifika kwenye anwani mliyoihama, nanyi msijibu, mahakama inaweza kutoa hukumu bila kuwasikia. Mkihama, badilisheni anwani kwa msajili wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Mtaji na hisa

Hapa kuna mtego wa majivuno. Fomu inauliza mtaji, na mtu anaandika tarakimu kubwa ili kampuni ionekane nzito. Ukomo wa dhima ya mwanahisa unahesabiwa kwa hisa alizochukua: kama umechukua hisa za thamani fulani na hujazilipia, sehemu isiyolipwa ni deni lako kwa kampuni, na mfilisi atakuja kuidai. Mahali pengine hata ada ya usajili hupanda kadiri mtaji unavyopanda, kama ilivyo Tanzania. Andika kiasi unachoweza kukilipa kweli.

Tofautisha hisa zinazoruhusiwa na hisa zilizotolewa. Mkiruhusiwa 10,000 mkatoa 960 kwa waanzilishi, mna nafasi ya kuingiza watu baadaye bila kurudi kubadili hati. Msizitoe zote siku ya kwanza.

Ujerumani inataka mtaji wa angalau euro 25,000 kwa GmbH, nusu yake iwe imelipwa kabla ya kuomba kuandikishwa, na mthibitishaji wa hati lazima ahusike. Kwa wasio na kiasi hicho, tangu 2008 kuna aina ndogo inayoanza na euro 1, ila inalazimika kuweka akiba robo ya faida ya kila mwaka. Uingereza na majimbo ya Marekani hayana kima cha chini kwa kampuni binafsi. Hata hivyo, kampuni iliyoanzishwa bila fedha yoyote ya kuendesha biashara yake humpa mdai hoja ya kwamba ilikuwa kificho tu. Weka kiasi cha kueleweka.

Hatua ya 6: Jaza na uwasilishe

Kama hatua zilizotangulia mmezifanya, hii ni kunakili. Kwa LLC za Marekani hati ya msingi ni fupi: jina, anwani, wakala, na pengine kama itaongozwa na wanachama wenyewe au na meneja. Hupelekwa kwa ofisi ya jimbo inayosajili kampuni. Kwa kampuni za hisa utajaza fomu ya wakurugenzi, anwani na hisa, kisha uambatanishe katiba ya kampuni. Uingereza ina katiba ya mfano inayotumika yenyewe usipoandika yako. Si mbaya, ila haijui chochote kuhusu makubaliano yenu ya hatua ya 2, kwa hiyo pitia vifungu vinavyogongana.

Maombi mengi hurudishwa kwa mambo madogo: jina kwenye fomu halilingani na lililo kwenye kitambulisho, hisa hazijumlishiki, sahihi moja imesahaulika. Mpe mtu ambaye hakujaza azisome.

Na jambo moja kubwa. Msiingie mikataba kwa jina la kampuni kabla cheti hakijatoka. Mwaka 1866 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Kelner dhidi ya Baxter, iliwakuta watu walionunua mvinyo kwa niaba ya kampuni ya hoteli ambayo ilikuwa bado haijaundwa. Kampuni ilikuja kuundwa, ikafilisika kabla ya kulipa, na waliotia sahihi wakalazimika kulipa wenyewe. Kama pango au ununuzi hauwezi kusubiri, andika wazi kwenye mkataba ule kwamba kampuni ikishasajiliwa itaingia mkataba mpya na wewe utaachiliwa, na hakikisha hilo linafanyika kweli.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza baada ya cheti

Namba ya mlipa kodi ndiyo ya kwanza, kwa sababu mahali pengi benki haitafungua akaunti bila hiyo. Marekani namba ya mwajiri, EIN, hutolewa bure na mamlaka ya kodi, IRS. Zipo tovuti zinazofanana na za serikali zinazotoza pesa kwa kitu hicho hicho; angalia anwani kabla ya kulipa. Kampuni mpya pia hupokea barua zenye mihuri ya kutisha zikidai "ada ya lazima" ya kuwekwa kwenye daftari fulani. Linganisha na orodha ya ada ya msajili kwanza.

Fanyeni kikao cha kwanza na kiandikiwe muhtasari: kuthibitisha wakurugenzi, kugawa hisa, kuidhinisha akaunti ya benki na watakaotia sahihi. Andikeni daftari la wanahisa na mtoe vyeti vya hisa. Kisha leseni. Cheti cha usajili si ruhusa ya kufanya biashara. Chakula, dawa, ujenzi, usafiri na elimu vina vibali vyake, na manispaa nayo inaweza kuwa na yake. Mkiajiri, jisajilini kwenye hifadhi ya jamii na kodi ya mishahara kabla ya mshahara wa kwanza.

Kodi ina uamuzi wa mapema. Kwa kawaida LLC ya mtu mmoja Marekani haitozwi kodi ya mapato ya shirikisho yenyewe. Mapato yake huandikwa kwenye ritani ya mwenyewe. Yenye watu wengi hutozwa kama ubia, isipokuwa ikichagua vingine. Uchaguzi huo una tarehe za mwisho, na mhasibu atakayekushauri kabla ya tarehe hizo ni wa thamani kuliko yule wa baadaye. Na kuna masharti ya mahali yasiyotarajiwa: New York huitaka LLC mpya itangazwe katika magazeti mawili kwa wiki sita mfululizo, ndani ya siku 120.

Hatua ya 8: Usiubomoe ukuta mwenyewe

Mahakama zina uwezo wa kuupita ukuta wa kampuni na kumfikia mwenyewe. Hawafanyi hivyo kirahisi, lakini wanapofanya, sababu hujirudia: fedha za kampuni na za mwenyewe zilichanganywa, hakukuwa na kumbukumbu yoyote, au kampuni ilitumika kumdhulumu mtu.

Kuchanganya fedha ndiko kunakowakuta wengi, tena bila nia mbaya. Karo ya mtoto inalipwa kwa kadi ya kampuni kwa sababu ndiyo iliyokuwa mfukoni. Malipo ya mteja yanaingia kwenye simu binafsi. Weka akaunti mbili na usizivushe. Ukitaka pesa, jilipe mshahara, gawio au mkopo, na kila kimoja kiandikwe kwa jina lake. Gawio lisitolewe kampuni ikiwa haiwezi kulipa madeni yake, maana linaweza kudaiwa lirudi.

Sahihi nayo ina namna yake. Kwenye mkataba wa kampuni, mwisho wa ukurasa usomeke hivi:

Kwa niaba ya: (jina kamili la kampuni, pamoja na Ltd au LLC)
Sahihi: ____________
Jina: ____________
Cheo: Mkurugenzi

Ukitia sahihi kwa jina lako tupu, unampa mwenzako nafasi ya kusema alikuwa anafanya biashara na wewe. Jina kamili la kampuni lionekane pia kwenye ankara, risiti na barua pepe. Bima ya dhima inunuliwe pale ambapo kazi inaweza kumuumiza mtu, kwa sababu kinga ya kampuni hailipi fidia, inazuia tu isikufikie, tena si kila mara.

Hatua ya 9: Kila mwaka, na siku ya kufunga

Msajili atataka taarifa ya kila mwaka, ndiyo ritani ya mwaka: wakurugenzi ni walewale? Anwani? Wanahisa? Ni kazi ndogo. Uingereza hutaka taarifa hiyo walau mara moja kila miezi 12, na kutoiwasilisha ni kosa la jinai hata kama hakuna kilichobadilika. Hii ni tofauti na ritani ya kodi, ambayo huenda kwa mamlaka nyingine kwa tarehe nyingine. Ziandike zote mbili kwenye kalenda ya mtu anayejulikana kwa jina. "Tutakumbushana" haifanyi kazi. Adhabu hurundikana hata kwa kampuni isiyofanya biashara yoyote, na mwishowe msajili anaweza kuifuta.

Ndiyo maana kampuni usiyoihitaji tena ifungwe, isitelekezwe. Lipa wanaodai, wajulishe mamlaka ya kodi, funga hesabu za wafanyakazi, gawa kilichobaki kwa wanachama, kisha uombe kufutwa. Fuata mpangilio huo huo. Uingereza, fedha inayokutwa kwenye akaunti ya kampuni iliyokwisha kufutwa huwa mali ya Ufalme, na kuirudisha ni mchakato mrefu wenye gharama, kwa hiyo akaunti ya benki ikombwe kabla ya ombi kupelekwa. Vitabu vya hesabu na mihtasari vitunzwe kwa miaka ambayo sheria ya kodi ya mahali pako inataka, maana ukaguzi unaweza kuja hata baada ya kampuni kufutwa.